Nyimbo Zetu Hazikuwa Zimekula Chumvi

Shilingi 62,000 zilikwisha katika saa 31, na tulichopata ni nyimbo mbili ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuzisikia tena. Naanza na hesabu kwa sababu mimi ndiye niliyeshika mkoba. Kwenye bendi napiga besi, na mpiga besi huishia kuwa mhasibu, sijui ni kwa nini.

Tuko wanne: mimi, mpiga gitaa, mpiga dramu, na mwimbaji ambaye pia hupuliza harmonika. Mpiga gitaa na mwimbaji ni mtu na binamuye, na hilo litakuja kutusumbua. Twapiga bluzi yenye roki ndani yake, kwa Kiswahili, hapa Mombasa, mji ambao ukijitambulisha kuwa mwanamuziki utaulizwa kama ni wa taarabu au ni wa hotelini.

Albamu ya kwanza tuliirekodi kwa siku mbili sebuleni kwa nyanyake mpiga dramu, Mikindani. Maiki nne, kompyuta ya kuazima, nyimbo tisa. Watu waliipenda, tukavimba vichwa. Tulichosahau ni kwamba zile nyimbo tisa tulikuwa tumezipiga kwa miaka mitatu kabla ya siku ile: kwenye harusi za marafiki, kwenye sherehe za chuo, kwenye mkahawa mmoja wa Bamburi ambao mwenyewe alitulipa kwa pilau. Pale kwa nyanya hatukutunga kitu. Tulizimimina tu.

Ya pili tuliianza hatuna nyimbo. Tulikuwa na vipande: mpigo wa gitaa hapa, mistari miwili ya maneno pale, na ujasiri. Mpiga gitaa alikuwa amesoma habari za The Black Keys, wale vijana wawili wa Akron, Ohio, kwamba sehemu kubwa ya albamu yao ya pili, iliyotoka 2003, waliirekodi ndani ya saa 14 tu, chini ya nyumba ya mpiga dramu wao, kwa mashine ya kanda yenye njia nane. Akasema, wao saa 14, sisi tutashindwa vipi na saa 40? Wote tukaitikia. Pwani tuna methali ya mwiga tembo. Nusu yake ya pili siwezi kuiandika hapa, lakini ndiyo iliyotupata.

Bajeti ilikuwa shilingi 120,000, tulizoweka akiba kwa miezi kumi na minne. Saa 40 za studio kwa shilingi 2,000 kila saa, hiyo 80,000. Miksi, yaani kuchanganya sauti za vyombo, 25,000. Masta, yaani kuusawazisha wimbo mara ya mwisho kabla haujatoka, 15,000. Hesabu ilikaa vizuri kwenye karatasi. Chakula hamna, tuktuk za kubebea dramu hamna, nyuzi hamna. Vitu hivyo ambavyo sikuviandika vilikula shilingi 11,300 kabla mambo hayajaisha, na zilitoka mifukoni mwetu kidogo kidogo bila mtu kuhesabu. Ukiandika bajeti yako, anza na tuktuk.

Tuliingia studio Februari. Wenyeji wanajua Februari ya Mombasa ilivyo, kaskazi imechoka na jasho halikauki. Chumba cha kurekodia kilikuwa na kiyoyozi kinachonguruma, kwa hiyo kila tukirekodi kilizimwa, na baada ya dakika ishirini gitaa lilikuwa limepoteza tuni. Tulikuwa tukirekodi, tukitafuta tuni, tukiwasha kiyoyozi, tukizima, tukitafuta tuni tena kwa sababu sasa baridi imelivuruga upande wa pili. Saa ya ukutani haikuzimwa hata mara moja. Baadaye fundi mmoja alinieleza jambo rahisi: leta vyombo chumbani saa nzima kabla ya kuanza, viache nje ya mikoba vizoee, na ubadilishe nyuzi siku moja kabla, uzivute mpaka zitulie. Hewa ya bahari hula nyuzi. Huku kwetu seti yenye wiki tatu imeshazeeka.

Kisha ikaja klik, ule mlio wa metronomu wa kushika mwendo. Prodyuza wa studio ile, kijana mwenye masikio makali sana kwa muziki anaoufanya kila siku, alitaka kila wimbo upigwe na metronomu. Si kosa lake. Lakini mwendo wa bluzi tunaoupiga sisi huchechemea. Kila pigo hugawanyika sehemu tatu, si mbili wala nne, na mpiga dramu wetu hupenda kuchelewa kidogo nyuma ya pigo. Hakuwa amewahi kufanya mazoezi na klik. Akawa anaikimbiza, inamkimbiza. Prodyuza akasema usijali, tutanyoosha kwenye kompyuta. Akanyoosha kweli. Akavuta kila pigo likakaa kwenye mstari wake pale kwenye skrini, lakini mistari yenyewe ilikuwa ya nne nne, na wimbo uliokuwa ukichechemea ukasimama wima kama askari wa gwaride. Hatukujua namna ya kumweleza kilichoharibika. Tulisema tu “haina ladha”, neno ambalo kwa fundi halina maana yoyote. Kama tungejua kumwambia mapema “huu ni mwendo wa tatu tatu, gawa mistari yako hivyo,” tungeokoa siku mbili. Na kama mpiga dramu angekaa na klik miezi miwili nyumbani, bure, kwenye simu yake, tungeokoa zaidi.

Lakini kidonda chenyewe kilikuwa maneno. Wiki ya tatu, mwimbaji alikuwa kwenye korido ya studio, daftari gotini, akitunga ubeti wa pili wa wimbo ambao ubeti wa kwanza tumesharekodi. Alichukua dakika 40. Nilikaa kwenye ngazi nikipiga hesabu: shilingi 1,333 kwa ubeti mmoja. Na ubeti wenyewe tuliutupa.

Hapo nilipaswa kusema. Kufikia saa ya 20 nilikuwa najua pesa haitatosha, ila kila nilipoulizwa nilijibu “bado tuko sawa.” Nilihisi nikisema, bendi itavunjika. Kwenye saa ya 31 mpiga dramu aliniomba aone ujumbe wa M-Pesa wa malipo yote. Alisoma kimya, akanirudishia simu, akafunga vijiti vyake kwenye taulo, akaondoka. Wiki tatu hakujibu simu ya mtu. Nilirudi nyumbani kwa tuktuk nikilia, na dereva, Mungu ampe heri, alizima redio.

Tulipoiambia studio kwamba tunasimama, tukaomba tupewe kazi yetu. Tukapewa nyimbo mbili zikiwa zimeshachanganywa. Kama tulitaka kila chombo peke yake, dramu mbali, besi mbali, sauti mbali, ni shilingi 10,000 zaidi. Hatukuwa tumeandikiana kitu. Hatukulipa. Kwa hiyo zile 62,000 hazikutuachia hata sekunde moja iliyoingia kwenye albamu. Kabla hujaketi kwenye kiti cha studio yoyote, hata ya rafiki yako, uliza: treki mojamoja ni zangu? Nitazipata lini, na kwa bei gani? Jibu liwe kwenye maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha.

Ramadhani ikaingia, kukawa kimya. Jioni moja ami yangu alikuja kufuturu kwetu. Ami alipiga udi na fidla kwenye taarabu ujana wake wote, na muziki wetu huuita “zile kelele za kina mwanangu,” kwa mapenzi. Baada ya tambi na kahawa nikamwekea zile nyimbo mbili kwenye simu. Alisikiliza zote, jambo ambalo lilinishangaza. Akasema, “Hizi hazijala chumvi.”

Nikamuuliza ana maana gani.

“Mumezipiga wapi?”

“Studio, ami.”

“Kabla ya studio?”

Sikuwa na jibu. Akanieleza walivyokuwa wakifanya wao. Wimbo mpya ulikwenda harusini kwanza. Wanawake wakiinuka kumtunza mwimbaji, wao waliokaa nyuma na vyombo walikuwa wanatazama noti za pesa zimetoka kwenye ubeti gani. Ubeti usiotunzwa, mtunzi alirudi nao nyumbani akaufumua. Wimbo ulifika kwenye kaseti ukiwa umeshapita harusi nyingi. “Nyinyi mumeanzia kwenye kaseti,” akasema, akaomba kahawa nyingine.

Usiku ule nilirudi kwenye zile habari tulizozisoma kwa haraka. Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, walirekodi albamu yao ya pili mwaka 1969 katika studio tofauti tofauti za Uingereza na Amerika Kaskazini, wakiwa katikati ya ziara, wakipiga karibu kila siku. Na hapa kwetu, Them Mushrooms na Mombasa Roots walikomaa kwenye hoteli za ufuo wakipiga usiku baada ya usiku kwa wageni wasiowajua. Sisi tuliona saa 14 tu. Hatukuuliza mikono iliyoingia kwenye zile saa 14 ilikuwa imetoka wapi.

Nilimwandikia mpiga dramu ujumbe mrefu, nikakiri yote ya pesa. Akajibu neno moja: “Lini?” Tukaanza upya.

Kuanzia Aprili hadi Juni hatukurekodi chochote. Tulikuwa na nyimbo kumi na mbili, nyingine ni mifupa tu, na daftari moja. Kila wimbo una ukurasa wake. Kila tukiupiga mbele ya watu, nachora mstari na kuandika kilichotokea. Tulipiga kwenye mkahawa Mtwapa, juu ya nyumba ya rafiki Mji wa Kale, kwenye siku ya kuzaliwa ya mtu tusiyemjua. Sheria yetu ilikuwa kwamba wimbo ukipigwa mara tano na watu bado wanaangalia simu zao, tunautoa. Nyimbo nne zilitolewa hivyo, mmoja kati yake ni wangu na bado unaniuma. Wimbo mwingine tuliushusha kutoka ufunguo wa A hadi G kwa sababu usiku wa tatu mfululizo mwimbaji alikuwa anaukohoa badala ya kuuimba. Hilo studio isingetuambia. Studio unaimba mara nne ukiwa umepumzika.

Na hapo ndipo tulipojifunza kuandika bluzi kwa Kiswahili, baada ya miaka yote ile ya kudhani tunajua. Bluzi ya kawaida ina baa kumi na mbili (za muziki, kila moja mapigo manne, si zile za Mtwapa): nne, nne, nne. Mstari unaimbwa, unarudiwa, kisha unakuja mstari wa kuujibu. Kila mstari huchukua kama baa mbili za kuimba, na mbili zinazobaki ni za gitaa au harmonika kujibu. Sisi tulikuwa tukiandika mistari mirefu, tukiisukuma iingie, inamwagikia kwenye nafasi ya gitaa, na binamu wawili wanagombana kila siku nani amemkatiza nani. Kumbe kipimo tulikuwa nacho tangu darasa la sita. Shairi letu lina mizani kumi na sita kwa mshororo, nane na nane. Kwenye mwendo wa polepole, mizani nane huingia kwenye baa moja kama mkono kwenye glavu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Nikaandika:

Ferini nimesimama, maji yamejaa tele,
Ferini nimesimama, maji yamejaa tele,
Meli yaondoka leo, na mimi sina nauli.

Mpiga dramu akanikosoa hapo hapo: feri ya Likoni mwenda kwa miguu halipi, nauli ya nini? Nikamwambia asome vizuri, ni meli, si feri. Ukisimama ferini waziona meli zikitoka Kilindini. Hakuridhika, lakini Mtwapa watu waliuimba mstari wa pili pamoja nasi usiku wa kwanza kabisa.

Jambo jingine ni mkazo. Kiswahili huweka nguvu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kisha neno linaanguka. Waimbaji wa Kiingereza mara nyingi hufunga mstari kwa neno fupi lenye nguvu, linapigwa na dramu pamoja. Ukilazimisha hivyo kwetu unapata “telE”, na msikilizaji anakunja uso bila kujua kwa nini. Weka ile silabi ya pili kutoka mwisho kwenye pigo la kwanza la baa, halafu ile ya mwisho iache ianguke, gitaa iidake. Tulipogundua hili tuliandika upya nyimbo tano kati ya nane.

Julai tukawa tayari. Kusi inavuma, hewa imepoa, shingo za gitaa zimetulia. Hatukurudi studio. Tulikodi ukumbi wa jumuiya Tudor kwa shilingi 4,000 kwa siku, maiki na kisanduku cha kurekodia cha njia nane kwa 3,000 kwa siku, na fundi wa sauti kwa 5,000 kwa siku. Siku tatu, jumla 36,000. Zilibaki 22,000.

Ukumbi ulikuwa na mwangwi wa kisima. Kwanza tulitundika leso ukutani. Zilipendeza sana na hazikuzuia kitu isipokuwa macho. Kinachomeza sauti ni kitu kinene chenye uzito. Tulileta magodoro manane, mawili ya sufi ya nyanya, tukayasimamisha nyuma ya dramu na mbele ya ampu ya besi, na mablanketi mazito juu ya viti. Nyanya alilala kwenye mkeka usiku tatu kwa ajili ya bluzi, na jina lake liko kwenye shukrani.

Mchana haukufaa kabisa. Kunguru wa Mombasa hawana adabu ya kurekodi. Msikiti uko hatua chache, na hata kama maiki ingeweza kukwepa adhana, mpiga dramu hapigi adhana ikisomwa, na sisi wengine tulikubaliana naye. Kwa hiyo tulianza baada ya isha mpaka saa tisa usiku. Mchana wa siku iliyotangulia nilikwenda kwa mzee wa mtaa na halua, nikamweleza. Aliuliza kama kuna pombe. Nikamwambia kuna chai ya tangawizi. Akatoa ruhusa, na akatuma mjukuu wake kuja kuhakikisha chai.

Tulipiga wote kwa pamoja, tukitazamana, bila klik, isipokuwa wimbo mmoja ambao mpiga dramu mwenyewe aliitaka. Hakuna wimbo uliozidi marudio matano. Usiku wa pili stima ilipotea katikati ya marudio mazuri kuliko yote, na yale yakaenda. Tangu hapo jenereta ya jirani ilikaa tayari, ingawa hatukuihitaji. Kwenye wimbo wa mwisho, usiku wa tatu, meli ilipiga honi mbali bandarini wakati gitaa linafifia. Mpiga gitaa anaapa honi ile iko kwenye A. Mimi naisikia imepungua kidogo. Tuliiacha.

Kila usiku kabla ya kufunga mlango tulifanya nakala mbili, na kila moja iliondoka na mtu tofauti. Hili silielezi zaidi.

Kabla ya miksi nililazimisha kikao cha karatasi. Binamu wawili walikuwa wameshaanza: “ule ni wangu,” “mpigo ni wangu, maneno tu ndiyo yako.” Tulikaa barazani kwa muda wa saa nne, wimbo baada ya wimbo, tukaandika asilimia za kila mmoja na wote tukatia sahihi. Ilikuwa mbaya kuliko studio. Lakini bila karatasi ile huwezi kusajili vizuri, na usajili wenyewe si mmoja: haki za watunzi zina chama chake, za wanaopiga na kuimba zina chake, na za mwenye kurekodi zina chake. Mimi nilidhani ukijiandikisha kwenye kimoja umemaliza.

Miksi na masta ilikuwa 40,000 na mkononi nina 22,000. Safari hii nilisema siku ile ile. Kila mtu akatoa 4,500. Mpiga gitaa aliuza pedali yake ya gitaa, na hajaacha kuitaja.

Fundi wa miksi alitutumia wimbo wa kwanza, tukamjibu watu wanne kwa jumbe kumi na tano, nusu zikipingana. Akatuandikia kwa upole: chagueni mdomo mmoja. Tukamchagua mwimbaji. Sisi wengine tulisikiliza kwenye matatu, kwenye spika ya duka, kwenye simu, tukampa yeye orodha. Kwenye simu besi yangu haisikiki kabisa. Nilipigania hilo wiki nzima, na niliposhinda kila kitu kingine kilikuwa tope, ikabidi nirudi nyuma. Masta tulikataa ipandishwe sauti mpaka ipasuke. Spotify yenyewe hushusha wimbo ulio juu hadi kama LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo unapoteza pumzi ya dramu bure.

Ilitoka Oktoba, nyimbo nane, dakika 37. Ami aliisikiliza yote, akaomba wimbo wa meli urudiwe, akatoa noti ya mia mbili akaibandika kwenye paji langu la uso. Pesa iliyorudi mpaka sasa haijafika nusu ya iliyotoka.

Daftari la pili limeshafunguliwa. Lina nyimbo sita. Mmoja umepigwa mara tisa na ubeti wa tatu bado unajikwaa. Jumamosi tunaupeleka Mtwapa tena, bila ubeti huo, tuone kama kuna atakayeuulizia.